Barafu ya Kibo na njaa ya theluji

Barafu ya Kibo imekaa juu ya volkano, kiasi cha digrii 3 tu kusini mwa ikweta, katika nchi ambayo watu wake wengi hawajawahi kuona theluji ikianguka. Kibo ndicho kirefu kati ya vilele 3 vya Mlima Kilimanjaro, na mita zake 5,895 hazijapitwa na mlima mwingine wowote barani Afrika. Kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, iko zaidi ya kilomita 700 magharibi yake, karibu kwenye mstari uleule wa latitudo. Jua la utosini linapofika juu ya migomba ya Nyakisasa huwa limekwisha kupita juu ya Kibo dakika zisizotimia 30 kabla. Barafu wanayoifahamu wakulima wa Ngara ni ile ya mvua ya mawe, inayochana majani ya migomba na kuyeyuka watoto wakiwa bado wanaiokota. Ya Kibo imedumu karne nyingi chini ya jua hilohilo.

Tofauti ni kimo. Kila mtu anapopanda mita 100, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 hivi. Chukua mahali penye mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na wastani wa nyuzi 20, kisha panda mita 4,300 zaidi: utafika kwenye nyuzi kama 6 chini ya sifuri. Vipimo vilivyochukuliwa juu ya barafu yenyewe vinakaribiana na hesabu hiyo, kwani wastani wa mwaka huko ni nyuzi kama 7 chini ya sifuri. Wastani huo haubadiliki sana mwezi hadi mwezi. Kinachobadilika ni usiku na mchana, na zaidi ya hapo ni mawingu na theluji. Kwa sababu hiyo barafu ya tropiki haina majira ya baridi na majira ya joto kama ya Ulaya. Ina masika, vuli na vipindi vya kiangazi katikati.

Mlima wenyewe ulijengwa na moto. Shira ndiyo volkano ya kwanza kati ya zile 3, nayo ilianza kutoa lava zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, kisha ikaporomoka na kubaki uwanda mpana upande wa magharibi. Mawenzi ilifuata, nayo leo ni magenge yaliyochongoka ya mita 5,149, yenye kuta zilizosimama kiasi kwamba theluji haipati pa kulala. Kibo ndiyo changa. Ilianza kujijenga miaka kama nusu milioni iliyopita, na milipuko yake mikubwa ilikwisha zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Juu yake kuna bonde pana la duara, ndani ya bonde hilo kuna kasoko ya Reusch, na katikati ya kasoko hiyo kuna shimo la majivu. Karibu na shimo hilo yako matundu ambayo hadi leo yanatoa mvuke wenye harufu ya salfa. Wachaga wana hadithi ya kale ya vilele viwili vilivyokuwa majirani: Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara akienda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka na kumpiga kwa mchi, ndiyo maana Mawenzi ana uso uliovunjikavunjika. Wenye kuisimulia waliujua moto uliofichika chini ya kilele cheupe.

Mto wa barafu huanza pale ambapo theluji ya mwaka mmoja haiishi kabla ya mwaka wa pili kuleta nyingine. Tabaka hulalia tabaka, uzito wa juu hukandamiza ya chini, hewa hubanwa, na chembe za theluji hushikana kuwa barafu ngumu yenye rangi ya samawati. Ikiwa nene ya kutosha na ikiwa mahali penye mteremko, barafu hiyo huanza kusogea polepole kwa uzito wake. Hesabu yake ni ile ya ghala la nafaka: kinachoingia ni theluji, kinachotoka ni maji na mvuke, na ghala hubaki na kitu ikiwa tu mavuno yamezidi matumizi. Wengi wanapoona barafu inapungua hutazama matumizi peke yake, yaani joto. Kwa Kibo, upande wa mavuno ndio wenye habari kubwa zaidi.

Kibo ina barafu za aina mbili, na ni vigumu kuelewa mabadiliko yake bila kuzitenganisha. Aina ya kwanza imelala kwenye uwanda wa juu, karibu tambarare, na haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Kubwa kati ya hizo ni Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, uliokuwa na unene wa mita kama 50 ulipotobolewa mwaka 2000. Kingo zake ni kuta zilizosimama wima, nyingine zikizidi mita 20. Katika bonde la juu, karibu na njia ya wapandaji, ulikuwapo pia mto wa barafu wa Furtwängler. Aina ya pili ni ile inayoteremka ubavuni mwa volkano. Upande wa kusini iko Rebmann, Decken, Kersten na Heim. Upande wa kaskazini-magharibi iko Credner na Drygalski, inayoning'inia kutoka Uwanja wa Kaskazini. Karibu majina yote ni ya Wajerumani, kwa kuwa ramani za kwanza zilichorwa wakati wa utawala wao. Walter Furtwängler, kwa mfano, alipanda Kibo mwaka 1912 pamoja na Siegfried König, na wawili hao waliteremka sehemu ya mlima kwa mbao za kutelezea juu ya theluji.

Kilichopo leo ni masalia ya kitu kikubwa zaidi. Wakati wa zama za barafu za mwisho, miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilishuka hadi kimo cha mita 3,000 na kitu kwenye baadhi ya mabonde, na hata Mawenzi ilikuwa nayo. Ushahidi ni matuta ya mawe na kokoto ambayo barafu iliyakokota na kuyarundika kwenye miisho yake, pamoja na miamba iliyosuguliwa ikabaki laini. Mtu anayepanda kwa njia ya Machame hupita kwenye matuta hayo pengine bila kuyatambua. Matuta mengine, madogo na mapya zaidi, yako juu yake na yanaonyesha kwamba katika karne chache zilizopita, kabla ya karne ya 19 kwisha, barafu ilipata nafuu na kunenepa kwa mara ya mwisho.

Wachaga wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo waliiona barafu hiyo ikiwa katika unene wake, na habari zake zilifika pwani kwa misafara ya biashara. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alifunga safari ya bara akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa njia hizo, na tarehe 11 Mei 1848 akauona weupe juu ya mlima. Huko Uchaga alisimuliwa kwamba mtawala mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wapande wakachunguze kitu hicho cheupe, na kwamba karibu wote waliangamia. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa sana London, alizikataa. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wachaga walikuwa wakiitazama kila asubuhi. Ubishi ulikwisha baada ya Karl Klaus von der Decken kufika, kwanza mwaka 1861 pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, kisha mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, ambapo walipanda hadi zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa kiongozi aliyewaonyesha njia ya mlimani. Upande wa mashariki, katika eneo ambalo wapandaji wa njia ya Marangu hupita siku hizi juu ya changarawe kavu kuelekea Gilman's Point, Meyer na mwenzake walilazimika kuchonga ngazi kwenye barafu ngumu, hatua kwa hatua, kwa saa nyingi. Meyer alirudi mwaka 1898 na kukuta barafu imepungua waziwazi. Miaka ilikuwa 9 tu. Jambo hili lina uzito mkubwa katika historia nzima ya Kibo, kwa maana linaonyesha kwamba kupungua kulishaanza karne ya 19, kabla ya moshi wa viwanda na magari kuipasha dunia joto kwa kiwango cha leo.

Ramani ya kwanza ya kuaminika ilitokana na picha alizopiga Fritz Klute alipokuwa mlimani na Eduard Oehler mwaka 1912. Kwa ramani hiyo barafu yote ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Mwaka 1953 ilikuwa imebaki 6.7 hivi, mwaka 1976, 4.2, mwaka 1989, 3.3, mwaka 2000, 2.6. Vipimo vya mwaka 2011 viliikuta chini ya 2, na picha za setilaiti za mwanzoni mwa miaka ya 2020 zimeipa eneo lisilotimia kilomita 1 ya mraba. Ukichora tarakimu hizo kwenye karatasi unapata mstari unaoteremka bila kituo tangu 1912. Hauonyeshi nafuu hata katika miongo ambayo hewa ya dunia haikuwa ikipata joto kwa kasi. Uwanja wa Kaskazini, uliokuwa kitu kimoja, ulipata tundu katikati, tundu likapanuka, na mnamo 2012 ukawa umegawanyika.

Ili kujua kinachoila barafu, ilibidi watu waishi nayo kwa vipimo. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, wakiongozwa na Douglas Hardy, waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya Uwanja wa Kaskazini, kikipima mionzi ya jua, upepo, unyevu, joto na kina cha theluji. Georg Kaser na Thomas Mölg wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na Nicolas Cullen wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitumia vipimo vya mlimani kuhesabu nishati yote inayoingia na kutoka kwenye barafu. Matokeo yalibadilisha masimulizi yaliyokuwa yamezoeleka.

Hewa ya Kibo ni kavu mno na jua lake ni kali. Katika hali hiyo barafu hailazimiki kuwa maji kwanza. Chembe zake hupaa na kuwa mvuke moja kwa moja hata joto la hewa likiwa chini ya sifuri. Njia hii hula nishati nyingi, zaidi ya mara 8 ya nishati ya kuyeyusha kiasi kilekile cha barafu. Hapo kuna jambo la ajabu kidogo: ukavu unaoigeuza barafu kuwa mvuke huikinga pia, kwa sababu kila kilo inayopaa kama mvuke imetumia nishati ambayo ingeyeyusha kilo 8 na zaidi. Kwa hiyo barafu ya juu inaweza kudumu ikiwa ina theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe sana na hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga. Barafu kuukuu yenye vumbi ni nyeusi zaidi, hunywa mwanga na kupata joto. Masika yakileta theluji ya kutosha, weupe huo huilinda barafu miezi kadhaa. Masika yakikosa theluji, jua huikuta barafu ikiwa uchi, nayo hupoteza kwa wiki chache kile ilichokiweka kwa mwaka.

Kuta zina shida yake. Theluji haiwezi kushika kwenye ukuta wima, hivyo ukuta hauna mavuno kabisa. Una matumizi tu. Nyingi zinatazama kaskazini au kusini. Karibu na ikweta jua huelekea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kila ukuta una msimu wake wa kupigwa na jua la uso kwa uso. Katika miezi hiyo uso wa ukuta huweza kuyeyuka ilhali hewa inayouzunguka bado ni ya kugandisha, na ukuta hurudi nyuma kidogo kidogo kila mwaka. Kingo ikishakuwa ukuta haina njia ya kusonga mbele tena. Ndiyo maana barafu ya uwanda wa juu inapungua kwa mwendo uleule mwaka baada ya mwaka, bila kujali sana kama mwaka ulikuwa mzuri au mbaya. Inapoteza kutoka pembeni, na pembeni haiponi.

Barafu za ubavuni, kama Kersten na Heim, ndizo zinazoeleza hali ya hewa ya karibuni, kwa sababu theluji hulala juu yake na upungufu wake hufuata mvua. Mölg na wenzake walipohesabu mvua ambayo Kersten ingehitaji ili iwe na ukubwa iliokuwa nao karne ya 19, walipata kwamba mlima lazima ulikuwa ukipokea theluji nyingi zaidi sana kuliko sasa, na anga lenye mawingu zaidi. Kwa maneno mengine, miaka ya 1880 ilileta mgeuko: Afrika Mashariki iliingia katika hali ya ukavu zaidi.

Mgeuko huo unathibitishwa na ushahidi usiohusu mlima hata kidogo. Maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa juu sana mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha yakashuka kwa kiasi kikubwa kabla ya karne kwisha. Ziwa hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inayoangukia juu yake, na mto mkubwa kuliko yote inayoingia humo ni Kagera. Kagera hupokea maji ya Ruvubu karibu na maporomoko ya Rusumo, palepale Ngara inapopakana na Rwanda. Kwa hiyo mvua zilizopungua kwenye vilima vya Ngara, Burundi na Rwanda, na theluji iliyopungua kwenye ubavu wa kusini wa Kibo, ni habari mbili za mgeuko mmoja. Wataalamu wanauhusisha na Bahari ya Hindi: mpangilio wa joto la maji yake kati ya mashariki na magharibi huamua ni unyevu kiasi gani utavuka kuja bara. Bahari ikiwa na joto zaidi upande wetu, mvua za vuli hufurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 1961, ambapo Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Hata hivyo Kibo haikurudisha barafu yake kwa mvua hizo. Vipimo vya 1976 vilionyesha upungufu mwingine mkubwa.

Hakuna katika haya linaloondoa kupanda kwa joto la dunia katika hesabu. Joto la bahari lina mkono katika mgawanyo wa mvua, na bahari inazidi kupata joto. Hewa ya juu nayo imeongezeka joto katika miongo ya karibuni, na mwaka 2000 mto wa barafu wa Furtwängler ulikutwa umelowa maji ndani, hali isiyolingana na barafu inayopotea kwa mvuke tu. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ameshikilia kwamba kupotea kwa barafu ya Kibo kunaendana na kupotea kwa barafu nyingine za tropiki, Andes na Papua, na kwamba sababu ya pamoja ni joto. Wenzake wa Innsbruck wamesisitiza ukavu. Ushahidi uliopo unaelemea upande wa ukavu kwa mwanzo wa kupungua huko, lakini kwa miongo ya sasa ni vigumu kuzitenga sababu hizo mbili, na si haki kutumia habari za ukavu kudai kwamba binadamu hana lawama kwa hali ya hewa ya dunia.

Thompson ndiye aliyeongoza kazi ya kutoboa barafu mwanzoni mwa mwaka 2000. Kikosi chake kilitoa nguzo 6 nyembamba za barafu kutoka Uwanja wa Kaskazini, Uwanja wa Kusini na Furtwängler, zikabebwa na wapagazi hadi chini ya mlima zikiwa bado zimeganda, na hatimaye zikahifadhiwa kwenye vyumba vya baridi kali huko Columbus, Ohio. Ndani yake kuna vumbi, chumvi na aina za oksijeni zinazoeleza mvua na ukame wa zamani. Kikosi hicho kilikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi, na kilisoma humo vipindi vya ukame mkubwa, kimoja cha miaka kama 4,000 iliyopita kikiwa kimeacha tabaka nene la vumbi. Makadirio hayo ya umri yamepingwa na watafiti wengine wanaoona kwamba barafu ya Kibo imewahi kutoweka na kurudi, na kwamba iliyopo inaweza kuwa changa zaidi. Nguzo hizo ni hazina halisi ya Tanzania. Barafu zilimotolewa zimepungua au kugawanyika tangu siku hizo, na hakuna atakayeweza kutoboa Furtwängler ile ya mwaka 2000 tena.

Swali moja huulizwa na kila anayesikia kwamba Kibo ni volkano: je, moto wa chini ndio unaoyeyusha barafu ya juu? Mvuke wa kasoko ya Reusch unatoka sehemu ndogo tu ya sakafu ya bonde la juu, na barafu inapotea kwenye uso na kingo zinazotazama jua, mbali na matundu hayo. Hakuna dalili kwamba joto la mlima lenyewe ndilo lililoleta upungufu wa miaka 100 na zaidi. Volkano hai yenye barafu nyingi ni jambo jingine, na ni la hatari kubwa. Nchini Colombia, Novemba 1985, mlipuko usio mkubwa wa Nevado del Ruiz uliyeyusha sehemu ya barafu yake, ukashusha tope zito mabondeni na kuufukia mji wa Armero; watu zaidi ya 20,000 walikufa. Kibo imelala, na barafu yake ni chache mno kuweza kufanya hivyo.

Hofu iliyoenea zaidi ni kwamba barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka, na Moshi, Hai na bonde la Pangani vitabaki bila maji. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Kilomita 1 ya mraba ya barafu ikipungua nusu mita kwa mwaka, na yote ikawa maji bila hata tone kupaa, inatoa wastani wa lita kama 15 kwa sekunde, kiasi cha kijito. Kileleni huanguka mvua na theluji isiyotimia milimita 200 kwa mwaka. Kwenye msitu wa upande wa kusini, kwenye kimo cha mita 2,000 na kitu, huanguka zaidi ya milimita 2,000, na juu ya hapo miti hukamata ukungu na kuudondosha ardhini. Maji ya Weruweru, Karanga na Umbwe, na ya mifongo ambayo Wachaga wamechimba kwa karne nyingi kuyapeleka migombani, ni maji ya msitu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto uliofyeka misitu ya juu tangu miaka ya 1970 umepoteza maji mengi kuliko kupungua kwa barafu. Ukavu uleule ulioinyima Kibo theluji ndio unaorahisisha moto, kama uliozuka Oktoba 2020 na kuteketeza kilomita za mraba zaidi ya 90. Anayeyajali maji ya Kilimanjaro aanzie kwenye mpaka wa juu wa msitu.

Kwa wapandaji, athari ni ya moja kwa moja. Barafu hushikilia mawe yaliyolegea kwenye kuta za mlima. Ikiondoka, mawe huachwa bila mshikizi. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, na kuua wapandaji 3 kutoka Marekani. Njia hiyo ilifungwa kwa muda. Barafu ya Arrow ambayo iliipa kambi jina lake imebaki vipande tu. Njia za kupanda kwa kamba na shoka kwenye Heim na Kersten, zilizowavutia wapandaji mahiri katika miaka ya 1970, zimekatikakatika kiasi kwamba vitabu vya zamani vya mwongozo havifai tena kwa sehemu hizo. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler walipanda Breach Wall kwa kufuata nguzo ya barafu iliyoning'inia kwenye mwamba, njia ambayo leo ni nadra kuwa na barafu ya kutosha.

Katika Afrika barafu ya kudumu imebaki mahali 3 tu, pote Afrika Mashariki. Mlima Kenya, volkano iliyozimika zamani, una chini ya kilomita 0.1 ya mraba, na mto wake wa barafu wa Lewis, uliopimwa kwa muda mrefu kuliko wowote katika tropiki, umekatika vipande. Rwenzori, milima isiyo ya volkano iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, ina chini ya nusu kilomita ya mraba. Volkano za Virunga, zilizo karibu zaidi na Ngara, hazina barafu ya kudumu. Karisimbi yenye mita 4,507 huvaa weupe kwa saa au siku chache, kisha huuvua.

Utabiri wa mwaka 2002 uliosema kwamba barafu ya Kibo ingetoweka kati ya 2015 na 2020 haukutimia, kwa sababu kuta za Uwanja wa Kaskazini zina mwendo wake na zinahitaji muda kukutana katikati. Makadirio ya karibuni yanataja miaka ya 2040 au muda mfupi baadaye. Barafu za ubavuni zinaweza kutangulia, na Credner, iliyo wazi kwa jua la mchana upande wa kaskazini-magharibi, imekuwa ikirudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko nyingine nyingi. Vipande vinene vya uwanda wa juu ndivyo vinavyotarajiwa kuwa vya mwisho. Theluji itaendelea kuanguka Kibo kila masika na vuli nzuri, na mtu wa Moshi ataamka baadhi ya asubuhi na kuukuta mlima mweupe. Ili barafu ianze upya, ni lazima tabaka hilo la theluji livuke kiangazi chake cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, juu ya mwamba mweusi unaonywa jua, katika hewa yenye unyevu zaidi ya ile iliyokuwapo mlimani wakati wowote tangu miaka ya 1880.